Mama Alivyohamishia Uzazi Sebuleni kwa Mwenye Nyumba

Harufu ile nilidhani ni ya kitunguu saumu. Nilikuwa nimerudi shuleni mchana, nimevua viatu mlangoni, nikainua pua na kumuuliza Bibi anapika nini kizuri namna hiyo, naye akanijibu kwamba hajawasha hata jiko. Baada ya muda kidogo harufu ikabadilika. Ikawa kama ya kitunguu saumu kilichopondwa pamoja na matumbo ya samaki kisha kikasahauliwa juani, na haikutoka upande wa jiko bali ilishuka kutoka juu, kule kwenye kenchi chini ya bati, ambako siku zote tulisikia vishindo vya panya. Siku hiyo panya walikuwa kimya. Nakiri kwamba nilifurahi, tena nilipiga makofi kabisa.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Soweto, mjini Moshi, miaka ile ya tisini ambapo kila mtu aliyekuwa na kiwanja aliona ni ujinga kukiacha bila vyumba vya kupangisha. Mwenye nyumba wetu tulimwita Baba Joyce. Yeye na familia yake walikaa nyumba ya mbele inayotazama barabara, na nyuma yake alikuwa amejenga banda refu lenye vyumba sita vilivyofuatana. Alipofika kwenye kuta za kugawa vyumba alibana matumizi. Ziliishia juu kidogo ya mlango, na kutoka hapo mpaka kwenye bati palikuwa wazi, tangu chumba cha kwanza hadi cha sita. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tano alimwambia pole. Tulijua nani amegombana na mumewe, nani anakula dagaa na nani anawaficha wageni nyama. Panya nao walipita juu ya kuta zile wakienda na kurudi wapendavyo, na hawakulipa kodi.

Mama alipigana na nyumba ile kila wiki. Jumamosi asubuhi alitoa kitanda nje, akakifungua vipande vipande, akamwaga maji yanayochemka kwenye matundu ya mbao, na mimi nikafuata nyuma na kitambaa chenye mafuta ya taa nikisugua kila pembe. Kunguni walitoka wamevimba damu yetu wenyewe. Magodoro yalishinda juani, sakafu ilipigwa maji ya majivu, na mende waliokuwa nyuma ya kabati walikutana na kandambili ya Mama. Wapangaji wenzetu walimcheka. Mama Hadija, jirani yetu wa chumba cha pili aliyeuza mitumba, alimwambia kwamba kunguni wa Soweto wana kadi ya uraia na hakuna wa kuwafukuza. Mama alicheka naye, kisha akaendelea kumwaga maji ya moto. Hakuwa mtu wa kelele, lakini hakuna kitu nilichokiona kikimshinda akakubali kwamba kimemshinda.

Shida kubwa ilikuwa chumba cha sita. Hakikuwa na mpangaji. Baba Joyce alikifunga kwa kufuli na kukijaza mahindi mpaka juu, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara wa Tarakea, kule Rombo mpakani. Alinunua mahindi wakati wa mavuno yakiwa bei ya kutupwa, akayalundika, akasubiri njaa ya upande wa pili wa mpaka ndipo ayapakie kwenye gari lake. Biashara ilikuwa imeruhusiwa na watu wa aina yake walinenepa haraka. Panya nao walinenepa. Ukimlalamikia alitabasamu na kusema, “Panya ni panya tu, mama. Hata Ulaya wapo.” Alivyosema ungedhani amewahi kufika huko.

Katika nyumba hiyo Mama alikuwa amezika mtoto mmoja. Aliitwa Eliya, akaishi miezi minne, akaharisha siku tatu, na ya nne hakuamka. Hatukuwahi kujua kilichomuua ni maji, choo kilichojaa mpaka juu au kinyesi cha panya kwenye vyombo. Mama hakulia mbele yangu. Ila mimba ya mdogo wangu Upendo ilipoingia alininyooshea kidole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na uamuzi, akasema, “Huyu, Aika, hatoki hapa akiwa amefunikwa. Unanisikia?” Nikasema ndiyo, mama. Baba yangu alikuwa mpishi wa misafara ya wageni wanaopanda mlima, kwa hiyo nusu ya mwezi alikuwa juu kwenye baridi akiwakaangia Wazungu mayai, na chumbani tulikuwa sisi wawili. Neno lile nililibeba kama zigo langu mwenyewe.

Upendo alizaliwa mwezi wa kwanza, kwenye jua kali, na siku ya pili Bibi akashuka kutoka Mwika, kule mlimani, kuja kumlea mzazi. Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwa Wachagga, mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hafagii, hachoti maji, hatembei barabarani, na kazi yake ni kula, kunyonyesha na kunenepa. Analishwa mtori wa ndizi na nyama, mlaso uliochanganywa damu, maziwa na samli, maziwa mgando, supu ya mbuzi. Anayetaka kumwona huja na kitu mkononi, na hakuna ruhusa ya kupandisha sauti alipo mzazi, kwani wazee walisema kelele hukausha maziwa. Siku akitoka nje hupambwa, akapita sokoni aking’aa, na watu wakimwona husifu nyumba iliyomlisha. Kumnyima mzazi chakula au kumfokea ni aibu ya kumfuata mtu mpaka kaburini.

Bibi alikuja na mlima mzima. Mikungu mitatu ya ndizi, mbuzi aliyechinjwa na kukaushwa nusu, vibuyu vya maziwa, samli kwenye ndoo, unga wa ulezi. Akaangalia juu, akaona kenchi, akafurahi. Nyumbani kwake Mwika kila kitu cha maana hutundikwa darini, juu ya jiko la kuni, na moshi unaofuka mchana kutwa hukitunza. Hakuna panya anayestahimili moshi ule, hata sisi wajukuu hatukuustahimili. Basi Bibi akapanda juu ya kiti, akafunga kamba, akatundika mikungu, nyama na vibuyu juu ya kitanda cha Mama, kama alivyofanya kwa kila mkwe wake na kila binti yake maisha yake yote. Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba sisi tulipikia mkaa, tena nje barazani. Darini kwetu hapakuwa na moshi. Palikuwa na njia kuu ya panya kutoka kwenye mahindi ya Baba Joyce, na Bibi alikuwa amewawekea hoteli katikati ya safari.

Wiki ya pili nyama ilikuwa imetafunwa upande mmoja. Wiki ya tatu Bibi aliamka kisigino chake kikiwa kimeliwa, ngozi imekwanguliwa kama mtu aliyepitishwa kisu cha ndizi, na hakuwa amesikia kitu. “Anauma huku anapuliza,” alisema, akikitazama kisigino kama cha mtu mwingine. Akaishusha nyama na ndizi zote siku hiyohiyo, akaomba msamaha kwa Mama huku machozi yakimlenga, lakini panya walikuwa wameshajua njia. Wiki ya nne tulikuta blanketi la Upendo limetobolewa, pale penye doa la maziwa, upana wa kiganja kutoka shingoni mwake. Nilishika tundu lile kwa vidole.

Mama hakuweza kutoka kwenda kusema, kwa hiyo alinituma mimi. Nilisimama mlangoni kwa Baba Joyce, nikaamkia shikamoo, nikamweleza kama nilivyofundishwa: kwamba panya wanatoka kwenye mahindi, kwamba wamefika kwa mtoto, kwamba tunaomba mahindi yaondolewe na kuta zipandishwe mpaka kwenye bati. Alikuwa ananyoa ndevu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwambie mama yako panya mmewaleta wenyewe na ndizi zenu za mlimani. Bibi yako amefungua duka kule ndani, mimi nifanyeje?” Wanawe wakacheka. Lililoniuma zaidi ni kwamba kulikuwa na ukweli ndani yake. Nilirudi nimejikunja. Mama aliposikia akasema kwamba ndizi za Bibi zimewaita panya, hilo hapingi, ila hazikuwazaa.

Kumbe Baba Joyce maneno yalikuwa yamemchoma, au labda alikuwa amehesabu magunia yaliyotobolewa. Wiki iliyofuata, kabla ya kwenda Tarakea, aliingia chumba cha sita na chupa ya vidonge vya kijivu, vile vya kufukizia mahindi ghalani. Akavitawanya kati ya magunia, akafunga mlango, akaziba uwazi wa chini kwa gunia, akawasha gari. Alikumbuka kuziba chini. Juu, ambako chumba chake na vyumba vyetu vilikuwa hewa moja, hakuangalia.

Ndiyo harufu niliyoikuta nikirudi shuleni. Wakati napiga makofi panya wa kwanza alidondoka kutoka ukutani, akaangukia sakafuni karibu na ndoo, akarusha miguu na kutulia. Akafuata mwingine. Chumba cha pili Mama Hadija alipiga vigelegele. Nje watoto walikuwa wameshafikisha panya tisa wakawapanga mstari kwenye vumbi, na mtu mmoja akasema kwamba leo Baba Joyce ametenda haki, tumchangie soda. Paka wa jirani aliokota mmoja akaondoka naye. Ilikuwa kama sikukuu.

Mama alikuwa amelala upande wa ukutani, uso umemgeukia mtoto. Aliniita kwa sauti ya chini. Kichwa kilikuwa kinamgonga, alisema, na Upendo alikuwa amekataa ziwa mara mbili, kisha akatapika. Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa amelegea, mkono wake ukiinuliwa unaanguka wenyewe. Hapo ndipo Mama alipovuta pumzi vizuri, akaisikia harufu, na uso wake ukabadilika. Kabla ya kuolewa alikuwa amechambua kahawa kwenye ghala moja mjini, na ghala la jirani lilikuwa la nafaka. Siku walizoweka vidonge kule walining’iniza kitambaa chekundu mlangoni, na wanawake wote walirudishwa nyumbani siku tatu. Kuna mlinzi aliyepuuza, akaingia kulala humo kwa sababu ya mvua, na Mama alimwona akitolewa maiti.

“Kinachoua panya juu ya kitanda changu,” alisema, “kinashuka kitandani kwangu.” Akainuka, akamfunga Upendo kifuani, akaweka miguu chini.

Bibi alisimama mlangoni na mikono imetanda. Sikuwahi kumwona akimzuia mtu namna ile. “Mzazi hatoki,” alisema. “Wiki tano tu, mwanangu! Unataka upepo ukuingie? Unataka watu waseme nini? Tutafungua dirisha.”

“Mama, dirisha halitoshi. Nilishazika mmoja kwenye chumba hiki.”

“Mzazi hatoki!”

“Basi utamzika huyu ukiwa umeshika mila vizuri?”

Bibi akashusha mikono. Nafikiri katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumjibu hivyo, na nafikiri pia kwamba ndani ya moyo wake alishukuru kujibiwa. Mama alitoka kwenye jua akiwa na kanga mbili tu, miguu peku, uso umenawiri kwa mtori wa wiki tano. Kelele za kushangilia panya zikaisha ghafla. Akapita mlango kwa mlango akiwaambia watoke, watoe watoto, waache vyakula, wasirudi ndani hata kuchukua viatu. Mama Hadija alitaka kubisha, akamtazama Upendo, akamwita mwanawe. Mama alikaa chini ya ukuta wa uani, upande upepo unakotoka, akambembeleza Upendo ziwa kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mwaka mzima wa shule. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yao nikimwomba Mungu kwa Kichagga na kwa Kiswahili, nisije nikakosea lugha. Hatimaye Upendo aliguguna, akashika, akanyonya. Nililia kwa sauti, Bibi akanifuta kwa kitenge chake.

Wapangaji walitawanyika kwa ndugu zao. Nasi tulikuwa na ndugu Majengo ambao wangetupokea bila swali. Bibi alishaanza kufunga mizigo kwenda huko, lakini Mama akatikisa kichwa. Alisema tukienda kwa ndugu tutakaa siku tatu, hewa itatoka, tutarudi, na mahindi yatakuwa palepale, na msimu ujao atatia vidonge tena. “Mimi ni mzazi,” akasema, “na mzazi hukaa ndani. Nitakaa ndani.” Akaanza kutembea kuelekea nyumba ya mbele. Tukamfuata: Bibi na sufuria ya mtori, mimi na chupa ya chai na nepi begani. Mama akabisha hodi mlangoni kwa Baba Joyce, akavua kanga ya nje, akaingia sebuleni, akaketi kwenye kochi kubwa lenye vitambaa vya kufuma vyeupe.

Mama Joyce, mke wa mwenye nyumba, alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke wa Kibosho, mpole, mwenye kumwogopa mumewe kidogo. Alimwona mzazi wa wiki tano kwenye kochi lake na mtoto aliyetapika, akasikia habari yote, na mwiko ukabaki hewani. Kumtoa mzazi nje ni kitu asichoweza hata kukitamka. Alienda moja kwa moja kumwita muuguzi wa zahanati ya jirani. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akamchungulia macho, akasema ametolewa mapema, aangaliwe usiku kucha, na mtu yeyote asilale kwenye banda lile mpaka mlango wa ghala ufunguliwe na magunia yatolewe. Muuguzi alipoondoka Mama Joyce alirudi jikoni. Tukasikia anachemsha maziwa.

Baba Joyce alirudi kutoka Tarakea kesho yake saa tisa mchana. Habari alikuwa ameshazipata barabarani, kwa sababu Soweto nzima ilikuwa nazo. Alifika mlangoni kwake kwa hasira, mguu mmoja ndani, akamwona Mama, akasita. Mkononi alikuwa na funguo za gari tu.

“Shikamoo, Baba Joyce,” Mama akasema kwa upole. “Karibu ndani.”

Anakaribishwa kwake mwenyewe! Bibi aliinamisha uso kwenye kitenge, mabega yakimtetemeka, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Baba Joyce alifungua mdomo kufoka, akakumbuka kuwa hawezi kufoka, akaurudisha mguu nje. Akageuka akaenda dukani. Alirudi na kilo mbili za sukari na nyama kwenye gazeti, akamkabidhi mkewe kama desturi inavyotaka, ndipo akapata haki ya kuingia kwenye sebule yake na kukaa kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu kochi lilikuwa na mzazi.

“Mama Aika,” alianza kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, “hivi ni vitu gani hivi? Watu wananicheka huko njiani. Nilitia dawa kwa ajili yenu, mliniambia panya, nimeua panya. Sasa hewa imeshatoka. Rudi chumbani kwako, mama, upumzike.”

“Imetoka?”

“Imetoka kabisa. Mimi dawa hizi nazijua.”

“Sawa,” Mama akasema. “Basi leo wewe lala kule, kwenye kitanda changu, na binti yako huyo Joyce mlale naye. Mlango ufungwe kama tunavyofunga sisi. Kesho ukiamka mzima nitakufuata na mwanangu, na nitakuomba msamaha mbele ya banda zima.”

Joyce alikuwa na miaka saba, amesimama nyuma ya pazia ananyonya kidole. Baba Joyce alimtazama. Nami nilimtazama yeye, kwa macho ya mtoto wa miaka tisa ambaye wiki moja nyuma alichekwa mlangoni hapo, na nilitaka sana aseme ndiyo, nilitaka aende akalale huko, kama nitasema ukweli wangu wote. Hakusema ndiyo. Alizungusha funguo kwenye kidole, akakohoa, akamuuliza mkewe kama chai ipo. Mama Joyce alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amesikia kila neno, na badala ya kumletea chai alisema, “Baba Joyce, toa mahindi.” Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwamuru katika ndoa yao.

Tulikaa sebuleni siku kumi na moja. Vijana waliyatoa magunia wakiwa wamefunga vitambaa puani, wakayaanika uani, na gari likayapeleka Tarakea kwa bei ambayo Baba Joyce aliinung’unikia kila mlo. Kisha akaja fundi. Mama hakukubali kuambiwa kwamba kuta zimepandishwa, alinituma mimi kila jioni nikapande juu ya ndoo na kupitisha mkono kati ya tofali na bati, na kila ulipopita, alimwambia fundi kwa heshima kwamba kazi haijaisha. Mashimo ya chini yalizibwa kwa saruji iliyochanganywa vipande vya chupa. Mama Joyce alimpikia mzazi kwa mkono wake, akajifunza mtori wa Mwika kutoka kwa Bibi, wakabishana kuhusu chumvi kama ndugu. Baba alishuka mlimani siku ya sita, uso umeungua na theluji, akakuta chumba kitupu na mke wake kwenye kochi la mwenye nyumba. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi kama nilikula.

Sitaki kudanganya kwamba baada ya hapo tuliishi kwa raha. Miezi mitatu ilipotimia Mama alipambwa, akatoka, akazunguka soko akiwa ameng’aa mpaka wauza ndizi wakamsifu, na wiki ileile Baba Joyce akatuletea barua ya kuhama. Alisema anahitaji chumba kwa mpwa wake. Hakuna mpwa aliyekuja. Alimpangisha mwalimu mmoja, kwa kodi kubwa zaidi, kwa sababu sasa chumba kilikuwa na kuta mpaka juu na hakikuwa na panya. Mama alifunga vyombo bila kulaani. Alipomaliza alifagia chumba mpaka mlangoni, akamkabidhi Mama Joyce ufunguo, wakakumbatiana kwa muda mrefu. Nilimuuliza njiani kama haimuumi kwamba wengine watafaidi kuta alizozipigania. Akasema inamuuma sana, na kwamba hata hivyo kuna mtoto atalala pale.

Siku hizi nakaa na Mama kule Shirimatunda, kwenye nyumba yetu wenyewe yenye dari ya gypsum na wavu madirishani. Mjini wapangaji wana mikataba iliyopigwa muhuri. Kuna vijana wa kampuni wanaokuja na mitungi mgongoni na barakoa kupuliza dawa, wanakuachia hata namba ya simu. Upendo amepita miaka thelathini, anaishi Dar es Salaam kwenye ghorofa ya kupanga, na kisa hiki yeye hukisimulia kama kichekesho. Hunicheka mimi na ndoo yangu, humwigiza Baba Joyce akikaribishwa kwake. Kwenye sherehe moja alimwambia Mama mbele ya wageni kwamba pengine alitia chumvi, pengine angepona tu kwa kufungua dirisha. Mama alitabasamu. Mimi sikutabasamu. Kinachekesha kwa sababu Upendo yupo wa kukisimulia, na kuna nyumba nyingi za miaka ile ambazo visa vyake havichekeshi na hakuna anayevisimulia kwenye sherehe.

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, Upendo aliandika kwenye kundi letu la familia kwamba jirani wa chini anapuliza dawa ya kunguni, msimamizi wa jengo amewaambia wafunge milango wakae ndani, na kwamba kuna harufu. Ana mtoto wa miezi miwili. Mama macho yake hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Hakuuliza dawa gani, wala msimamizi ni nani, wala mkataba unasemaje.

“Bado yuko ndani?”

Nilipiga simu. Iliita mara nyingi kuliko nilivyotaka, kisha nikasikia upepo, magari, sauti za watu wengi na mtoto mchanga anayelia kwa nguvu zote. “Tuko nje, dada,” Upendo akasema, anahema. “Nimewatoa jengo zima. Ngoja kwanza, msimamizi amefika, anasema hewa imeshatoka. Namkaribisha alale.”

Mama alikuwa amesogeza sikio karibu na simu. Alisikia kilio cha mjukuu wake, akakisikiliza mpaka kilipopungua na kugeuka kunyonya, ndipo akachukua ndizi nyingine.